Swali la Tano la Janefer

Kericho, 3 Juni 2025

Kaka Kebaso,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo. Goti la mama limepata nafuu. Nilimpigia Jumapili akaniambia amemfukuza jirani kwenye migomba kwa miguu yake mwenyewe, kwa hivyo amepona. Binti yako Janefer ni mzima na amerefuka, sketi ya shule imeanza kuyakimbia magoti. Anakusalimu. Chai imetoka sana kwa mvua hii, na wazazi wa wanafunzi wetu, wachumaji, wanarudi kambini jioni wamelowa mpaka ndani ya gambuti.

Najua utauliza kwa nini naandika barua na simu ipo. Ni wewe uliyesema kwamba maneno ya simu hayana ushahidi, na kila jambo la masomo ya Janefer lije kwa maandishi. Nimetii. Obiero wa gari la mikate anapita Kipkelion, atakuletea.

Jambo lenyewe ni dogo. Darasa langu la Kiingereza, Gredi ya Nane, lina kazi ya muhula: kila mwanafunzi amhoji mzazi wake kuhusu siku mtoto alipozaliwa, kisha aandike insha. Maswali ni matano. Manne nimeyatunga mimi: ilikuwa wapi, hali ya hewa ilikuwaje, nani alikuwepo, na jina lilitoka wapi. La tano kila mtoto anajitungia. Mzazi ajibu kwa lugha yoyote ile, Kiingereza atakitafuta mtoto. Karatasi ya Janefer nimeiweka humu. Mimi siwezi kumjibia, maana wakati huo nilikuwa chuoni na nilichosikia ni kile ulichotuambia wote, kwamba alizaliwa katika hospitali ya kibinafsi hapa Kericho.

Siku hizi hatutoi alama, tunatoa viwango: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Usiniulize matarajio ya nani. Nilienda semina ya siku nzima kuuliza hilo nikarudi na kofia na chupa ya maji.

Jibu mapema, kaka. Haitakuchukua muda.

Dada yako,
Mongina


Kipkelion, 24 Juni 2025

Kwa Mwalimu Mongina,

KUH: MATOKEO YA JANEFER KATIKA SOMO LA KIINGEREZA

Pokea salamu zangu na za kanisa zima. Hapa dukani tunaendelea, mabati na simiti vinatoka. Ng'ombe amezaa tena ndume, naona ananifanyia makusudi. Aidha, nimechaguliwa kwa mara nyingine kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule ya hapa, bila kupingwa. Barua yako ilifika ikinuka siagi kwa sababu Obiero aliiweka chini ya kreti.

Nikirejelea mada iliyotajwa hapo juu, napenda kukuarifu kwamba ibada ya shukrani kwa ajili ya masomo ya Janefer itafanyika Sabato ya tarehe 1 Novemba. Tangazo limeshasomwa. Unajua utaratibu wetu hapa: mtoto anaitwa mbele, mzazi anasimama kando yake, ripoti inasomwa somo kwa somo na washiriki wanaitikia amina. Mwaka jana kijana wa Mzee Mageto alisomewa kuzidisha matarajio katika Kiingereza, na tangu siku hiyo Mageto haongei nasi kwenye kikao cha wazee, anatuhutubia.

Kwa msingi huo, natarajia Janefer azidishe. Bango lake limeshachapishwa, lina picha yake na maneno KUZIDISHA MATARAJIO kwa herufi za dhahabu. Itakuwa vigumu kulirudisha kwa mchapishaji.

Karatasi uliyoambatisha nimeipokea.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mzee wa Kanisa Kebaso,
Mwenyekiti


Kericho, 12 Julai 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti, kaka yangu,

Hatujambo. Kuku wa jirani ameanza kutaga chini ya kitanda cha Janefer na wamekubaliana wagawane mayai. Mama anauliza kama bado unakula vizuri au unakula vikao tu.

Barua yako niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na mazoea ni mabaya. Salamu: kufikia matarajio. Heshima na vyeo: kuzidisha matarajio. Kujibu swali: mbali na matarajio. Mtu anatumiwa maswali matano anajibu kwa habari za bango?

Huku nasi tuna viroja vyetu. Mwalimu mkuu alituita ofisini akasema shuleni kwake hakutakuwa na mtoto aliye mbali na matarajio, kwa kuwa grafu ya shule ikiinama wakubwa wanapiga simu. Mwalimu mmoja akauliza tufanye nini na wasiojua kusoma. Mwalimu mkuu akafikiri, akasema labda tungeyashusha matarajio kidogo, mpaka watoto wayapite. Tulipiga makofi, chai ikaletwa.

Lakini hii kazi ya mahojiano, kaka, sijaona nyingine kama hii. Wazazi wa kambini walianza kwa kuikimbia wakidhani ni mtihani wao. Kisha Syprose, mama yake Ooko, akaja shuleni na kikapu cha kuchumia chai bado kiko mgongoni. Akaniambia, "Mwalimu, mimi Kisungu sina. Lakini huyu kijana nilizaa mwenyewe, hiyo najua yote." Akakaa kwenye ngazi za darasa akasimulia, Janefer na Ooko wakaandika. Siku iliyofuata walikuja wengine. Janefer ndiye anayekaa nao, anawauliza vizuri, akipata neno gumu analibeba mpaka kwenye kamusi. Mzee mmoja hakuwa amewahi kumwambia mwanawe kwamba alimngoja miaka mingi. Alimwambia pale kwenye ngazi, na kijana akajifanya anafunga kamba za viatu.

Sasa darasa zima lina insha, isipokuwa Janefer. Jana nilipita mezani kwake nikaona nakala ya karatasi yake. Swali lake la tano ni hili: Mama alisema nini aliponiona?

Janefer alikuwa bado mdogo sana mama yake, Molly, alipofariki, Kebaso. Kuna mambo hakumuuliza mama yake kwa sababu alidhani wana muda. Hakuna mwingine wa kumjibu ila wewe. Muhula unafungwa hivi karibuni, na mtoto asiye na mahojiano sitampa kiwango cha kumpendeza mtu.

Mongina


Kipkelion, 9 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Mongina,

KUH: MALALAMIKO RASMI

Salamu. Ng'ombe hajambo. Mchungaji wetu amehamishwa na tumeletewa kijana mwenye gitaa, tunaomba subira.

Ripoti ya muhula wa pili imenifikia. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimeketi, na bado Kiingereza kinasema mbali na matarajio. Huyu ni mtoto wa mwenyekiti. Huyu ni mtoto ambaye kwa maneno yako mwenyewe anawaandikia wazazi wa kambi nzima. Mtu anaweza vipi kuwatafsiria wengine wote na yeye mwenyewe akawa mbali? Mimi nauza simiti, lakini hesabu hiyo hainiingii. Ungekuwa si dada yangu ningeandikia wakubwa wako. Kwa kuwa ni dada yangu, nitamwandikia mama.

Hata hivyo, ili kusaidia upande wako, nimeambatisha majibu kamili ya ile karatasi. Ombui wa saiba, lile duka la intaneti, ana programu kwenye kompyuta ambayo unaiambia jambo nayo inaandika yenyewe, tena kwa Kiingereza kilichonyooka. Kurasa tatu. Sikuona haja ya kubadilisha chochote.

Natarajia marekebisho ya haraka.

Mwenyekiti Kebaso


Kericho, 30 Agosti 2025

Kaka,

Tumefungua shule, tu wazima. Mama amenipigia kunisomea malalamiko yako. Amesema utakapokuwa umemaliza kuwa mwenyekiti, umpelekee mbolea.

Kurasa zako tatu nimezipata. Inaonekana siku aliyozaliwa Janefer theluji ilikuwa imefunika vilima vya Kericho. Wauguzi waliimba. Kulikuwa na piano kwenye ukumbi wa hospitali, nawe ukiwa umevaa suti ya kijivu ulimshukuru daktari kwa shairi. Mimi nimeishi na wewe tangu nikiwa mtoto, na shairi lako pekee ninalolijua ni lile la kumfukuza mbwa.

Ungeona furaha ya mwalimu mkuu. Alizitoa mezani kwangu akazibandika ukutani ofisini zikawa mfano kwa shule nzima, na akaniuliza kwa nini mtoto wa kaka yangu hana kiwango cha juu wakati kalamu ninayo mimi. Nikamwambia naomba nami nione theluji kwanza. Hatujaongea vizuri tangu hapo. Mkataba wangu ataupitia yeye mwezi wa kumi na mbili, hilo nalijua na nimelala nalo, lakini kiwango hicho sitakibadilisha kwa ajili yake wala kwa ajili ya bango.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Janefer alizisoma kurasa zote. Akaniuliza, "Anti, hiyo hospitali ilikuwa na piano kweli?" Nikamwambia sijui. Akazikunja vizuri, akanirudishia. "Ni sawa tu," akasema. "Niachie kiwango kile kile nilichopata." Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Nimekasirika na wewe, Kebaso. Hiyo ni habari, siyo malalamiko rasmi. Muhula huu naruhusu insha irudiwe. Karatasi nyingine hii hapa.

Mongina


Kericho, 20 Septemba 2025

Kaka,

Salamu. Goti la mama limerudi.

Obiero anasema alikupa barua yangu mkononi na ukaiweka mfukoni bila kuifungua. Kila Ijumaa Janefer alikuwa akisimama kwenye geti kungoja gari la mikate. Ameacha.

Mongina


Kipkelion, 10 Oktoba 2025

Mongina,

Nimempeleka mama hospitalini, amepewa dawa ya kupaka na amegombana na daktari. Ng'ombe yuko. Sina habari nyingine.

Mpe Janefer asome haya mwenyewe, kama mwandiko wangu utamruhusu. Nimeandika dukani na watu wananiingilia kuuliza misumari.

Janefer, hakukuwa na hospitali. Swali la kwanza: ulizaliwa Fort Ternan, kando ya reli, ndani ya pikapu. Tulikuwa tumepanga nyumba huko. Uchungu ulimshika mama yako kabla ya wakati, nami nikamkimbilia Kiptum mwenye pikapu, aliyekuwa amebeba simiti yangu ya kwanza, ile niliyotaka kuanzia duka. Hapakuwa na muda wa kuishusha. Mama yako alipanda juu ya mifuko, nikafunga turubai, tukaanza safari ya kwenda Kericho.

Swali la pili: mvua. Ilinyesha mpaka barabara ikawa haijulikani ni wapi inaishia na shamba la miwa linaanzia wapi. Tulizama kwenye tope. Kiptum akaenda kutafuta trekta.

Swali la tatu: nilikuwepo mimi. Shangazi yako atakueleza tulivyolelewa. Kwetu mwanamume hasogei hata mlangoni. Siku aliyozaliwa yeye, baba yetu alienda mnadani akarudi na mbuzi. Mimi nilikuwa chini ya turubai, mama yako ananifokea nishike hapa, si pale. Kitovu nilikikata kwa wembe mpya uliokuwa bado kwenye karatasi yake, nikakifunga kwa uzi wa kitambaa alichokuwa akishona. Ulitoka ukapata vumbi la simiti mgongoni kabla hujapata nguo. Nilikufunga kwa shati langu la kanisa. Kiptum aliporudi na trekta ulikuwa umeshalala.

Swali la nne: mama yako alisema uitwe jina la mama yake, nami sikuwa katika hali ya kubishana.

Nilirudi nikawaambia watu ni hospitali, kwa sababu wazee wangenicheka mpaka leo kwamba nilifanya kazi ya mkunga. Mwanzoni nilisema zahanati. Kila nilipoulizwa ikaongezeka ghorofa.

Swali la tano sikumbuki vizuri.

Baba yako


Kericho, 25 Oktoba 2025

Kaka yangu,

Shule zimefungwa jana, tu wazima, na yule kuku ametotoa.

Barua yako Janefer aliisoma amesimama jikoni, sufuria ya ugali ikaungua. Alipofika kwenye shati la kanisa alicheka. Akarudia kuisoma kwa sauti, ili nami nisikie. Halafu akalia, na nikajua la kufanya. Siku tatu zilizofuata sikuwa na msaidizi wa kuosha vyombo, alikuwa anaandika.

Insha yake ya Kiingereza nimeipa kufikia matarajio. Najua ulitaka kuzidisha. Mwalimu mkuu pia alitaka kuzidisha, aliisoma akafuta miwani mara mbili, kisha kimya kimya akazibandua zile kurasa za theluji. Lakini mimi ndimi mwalimu wa somo. Insha ya Janefer inakatika ghafla mwishoni kwa sababu ya swali la tano. Nilimwambia anaweza kubuni kitu kidogo cha kufungia. Akakataa. Akasema ya mama yake hataki kuyabuni.

Nina aibu kukutumia nilichoambatisha, lakini ameniapisha. Ni barua yako mwenyewe. Alichukua kalamu yangu nyekundu akaisahihisha. Soma chini kabisa, alipokuita baba kwa lugha ya nyumbani: "Kukaribia matarajio. Umejitahidi, Tata. Rudia swali la tano. Najua unakumbuka."

Tutafika Ijumaa kabla ya giza. Andaa maziwa, mtoto wako anakunywa kama ndama.

Mongina


Kipkelion, 2 Novemba 2025

Janefer mwanangu, pamoja na shangazi yako,

Natumai mmefika salama na Obiero hakuwakalisha juu ya mikate. Nyumba imekuwa kimya ghafla. Ng'ombe anakuulizia.

Ya jana mliyaona wenyewe, lakini kuna mliyokosa. Ulipoisoma insha yako kwa Kiingereza watu walipiga makofi kama wanavyopigia Kiingereza chochote. Kisha kina mama wakataka kutafsiriwa, na yule mchungaji wa gitaa akanielekezea mimi kidole, eti mwenyekiti anajua. Mliona nilivyosimama pale. Nilitafsiri mvua vizuri, nikatafsiri turubai, nikafika kwenye wembe nikakwama. Mageto akauliza kwa sauti kutoka kiti cha mbele, "Kwa hivyo ni wewe ulimzalisha?" Nikasema ndiyo. Vigelegele vya kina mama vilinitoa jasho kuliko siku yenyewe.

Wakati mnagawa chakula Mageto alinivuta nyuma ya hema. Nilijua ameniandalia hotuba. Akaniambia kijana wake, yule wa kuzidisha, alizaliwa shambani kwenye mahindi, na yeye alikimbia mpaka sokoni. Akanisihi nisimwambie mtu. Nawaambia nyinyi tu.

Usiku nilipovua koti nilikuta ripoti mfukoni. Sikuwa nimeisoma, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kiwango. Bango nimefunikia simiti kwa sababu paa la stoo linavuja.

Sasa swali la tano. Nilisema sikumbuki. Nilidanganya, nikitumaini mwalimu hataona.

Mama yako alikupokea akakukagua vidole vyote, vya mikono na vya miguu. Akakuweka kifuani. Halafu akaniangalia mimi na akasema, "Kebaso, nyamaza sasa. Watu wakipita hapa watadhani ni wewe uliyejifungua."

Tafadhali sahihisha.

Tata